Kununua Gari Dogo la Mbio Lililotumika, Thika na Ruiru

Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, ni pana, laini na nyofu kwa sehemu kubwa ya kilomita zake 50 hivi, na kwa sababu hiyo hiyo ni mahali pabaya kuliko pote pa kulijaribia gari ambalo mtu anakusudia kulinunua. Nalisema jambo hili mwanzoni kwa kuwa desturi ya wauzaji wengi, wawe na yadi kando ya Eastern Bypass pale Kamakis au wawe watu binafsi wanaouza gari lao wenyewe, ni kumpakia mshitiri garini, kuingia katika barabara hiyo, kukanyaga mafuta mpaka mgongo wa abiria ushikamane na kiti, kisha kurudi na kumwuliza kama ameridhika; naye mshitiri, hasa akiwa kijana aliyeitamani sauti ya injini ile kwa miaka, huwa ameridhika kabla ya kuulizwa. Alichoonyeshwa ni jambo moja tu ambalo gari la namna hiyo huweza kulifanya hata likiwa limekaribia kufa, yaani kwenda mbio kwa dakika tano juu ya lami isiyo na shimo.

Magari ninayoyazungumzia ni yale madogo ambayo mlango wa nyuma huinuka juu pamoja na kioo chake, na ambayo watu huyaita hachibeki, lakini yaliyotiwa injini yenye nguvu kupita ya ndugu zao wa kawaida: Volkswagen Golf GTI, Subaru Impreza za umbo hilo na hasa WRX STI, Suzuki Swift Sport, Honda Fit RS, Toyota Vitz RS na mengineyo. Asili ya jamii hii aghalabu huhesabiwa tangu Septemba 1975, Golf GTI ya kwanza ilipoonyeshwa Frankfurt ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110. Walakini mapenzi ya Wakenya kwa magari madogo yenye mbio yalizaliwa katika vumbi la Safari Rally. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliliendesha Subaru Vivio, gari dogo kabisa lenye injini ya sentimita za ujazo 660, akalifikisha mwisho wa mashindano katika nafasi ya 12, ilhali magari yenye nguvu nyingi zaidi yalibaki njiani. Kisha Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 wakashinda kwa Subaru Impreza, na jina hilo likawa na heshima katika kila gereji ya nchi hii. Thika nayo ina fungu lake katika habari za hachibeki, maana kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, kilianza mwezi Desemba 2016 kuunganisha Volkswagen Polo Vivo, gari la umbo hili hili ijapokuwa ni la mwendo wa kiasi.

Heshima hiyo ya mashindano ndiyo iliyoyapandisha bei magari haya, na ndiyo pia iliyoyaharibu. Gari la kawaida likiuzwa, mnunuzi hununua umri wake na kilomita zake. Gari la mbio likiuzwa, mnunuzi hununua tabia za mwenyewe wa kwanza, wa pili na wa tatu, kila mmoja na mguu wake na fundi wake. Kwa hiyo kazi ya kukagua ni kazi ya kutafuta dalili za tabia hizo, na dalili hizo hazipatikani katika mwendo wa kasi, bali katika ubaridi wa asubuhi, katika msongamano, katika matuta, na katika risiti.

Kwanza umri. Kwa kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Viwango la Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu kuandikishwa kwake kwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Maana yake ni kwamba Golf GTI ya kizazi cha tano, ambayo muundo wake ulikwisha takriban mwaka 2009, na Impreza za umbo lililotoka mwaka 2007 hadi 2011, zimekwisha kula miaka mingi ya barabara zetu, hata muuzaji akisifu kiasi gani kwamba zimetoka Japani juzi. Herufi za namba ya usajili, ziwe KB, KC au KD, huonyesha wakati gari lilipoandikishwa hapa wala si mwaka lilipoundwa, na tofauti baina ya miaka hiyo miwili yaweza kuwa kubwa. Likiwa ni gari lililoshushwa Mombasa karibuni, mwambie muuzaji akupe karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huandika kilomita, kasoro za kila upande wa bodi, na daraja la gari. Daraja likiandikwa R au RA, gari hilo liligongwa likatengenezwa kabla ya kuvuka bahari. Karatasi nazo hughushiwa, kwa hiyo tumia namba ya chasisi kutafuta nakala ya asili, maana zipo huduma zinazozitoa kwa malipo madogo, na kilomita ulizoonyeshwa zilinganishe na uchakavu wa usukani, kiti cha dereva na mpira wa pedeli ya breki, vitu ambavyo ni vigumu viseme uongo.

Siku ya kukagua, nenda asubuhi na mapema, na muuzaji umwombe asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina moto, jua ya kuwa kuna jambo ambalo mtu hakutaka ulisikie, na una haki ya kuondoka na kurudi siku nyingine. Injini ikiwashwa ikiwa baridi husema kweli yake yote katika nusu dakika ya kwanza. Moshi mweupe mwembamba unaotoweka upesi, hasa katika baridi ya Julai ya Ruiru, ni mvuke tu. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya radieta yanayoungua ndani ya silinda, na hapo gasketi ya kichwa imekwisha. Moshi wa samawati ni oili. Mweusi ni petroli iliyozidi. Fungua kifuniko cha kutilia oili: ukikuta utando wa rangi ya maziwa, maji na oili yamekutana, na mahali pake pa kukutana si pazuri.

Kila ukoo wa injini una maradhi yake, nami napenda nikae kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Golf GTI ya kizazi cha tano ina kikombe kidogo cha chuma baina ya kemshafti na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kikombe hicho husagika taratibu, na kikitoboka, pampu huanza kuila kemshafti yenyewe. Fundi anayeyajua magari hayo hukitoa na kukitazama kwa muda mfupi, na muuzaji anayekataa kitazamwe amekwisha kukujibu. Ya kizazi cha sita ilibadilishiwa injini, ukaondolewa mkanda ukawekwa mnyororo, na zile za mwanzo zina kikazio cha mnyororo kilicho dhaifu: ukisikia mtikisiko kama wa sarafu ndani ya mkebe kwa sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi, mnyororo umelegea, na siku utakaporuka jino, vali na pistoni zitagongana na injini yote itakuwa chuma chakavu. Injini zote mbili humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli na hujaa masizi meusi. Gari likitetemeka likiwa limesimama na kukosa nguvu ya mwanzo, yamkini dawa yake ni kusafishwa vali hizo.

Subaru ina injini ambayo pistoni zake zimelala ubavu, mbili huku na mbili huku, na hiyo ndiyo asili ya mngurumo wake unaopendwa. Injini zake za tabo, yaani zenye feni za kusukumia hewa ndani ya silinda, za miaka ile huvuta mkanda wa kemshafti unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kama hakuna risiti ya kubadilishwa, chukulia kwamba haukubadilishwa. Injini ya lita 2.5 yenye tabo ina sifa mbaya ya kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, hasa kompyuta yake ikiwa imechezewa ili iongeze nguvu. Kwa ajili hiyo usinunue Impreza ya tabo bila kupimwa shinikizo la kila silinda: tarakimu nne zikikaribiana, injini ina uzima, moja ikiwa chini mbali na wenzake, gari hilo linahitaji kufunguliwa injini, na gharama ya kufungua injini ya namna hiyo yaweza kumeza sehemu kubwa ya bei uliyoitaja. Tazama pia chupa ya akiba ya maji ya radieta injini ikiwa imepata moto. Mapovu yakitoka mfululizo, gesi ya silinda imepata njia ya kupenya.

Juu ya tabo liko jambo moja ambalo wakazi wa sehemu hizi wanapaswa kulijua. Thika iko kadiri ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko la Mombasa. Injini isiyo na tabo, kama ya Fit RS au Vitz RS, hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, kwa hiyo usilihukumu gari hilo kuwa gonjwa kwa sababu tu linapanda mlima kwa uvivu kuliko ulivyosoma katika sifa zake. Injini yenye tabo hulipa upungufu huo kwa kuzungusha feni zake kwa kasi zaidi; lakini tabo iliyochoka haina akiba ya kulipa, na huku juu uchovu wake huonekana mapema. Lipandishe gari katika barabara ya kutoka Thika kwenda Flyover kupitia Gatukuyu, ambayo hupanda kwa muda mrefu kuelekea milima ya Nyandarua, kisha lisimamishe, liache liungurume taratibu kwa dakika mbili, na ukanyage mafuta mara moja huku mwenzako akitazama nyuma: wingu la samawati wakati huo aghalabu humaanisha kwamba mihuri ya tabo inavujisha oili. Muulize muuzaji hubadilisha oili kila baada ya kilomita ngapi na hutia oili gani. Mwenye gari la tabo aliyelitunza hujibu bila kufikiri, tena kwa jina na namba ya uzito. Mwenye kujibu kwamba fundi wake ndiye ajuaye, gari lake halina mtunzaji.

Petroli nayo ni sehemu ya historia ya gari. STI na GTI zilizouzwa Japani zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani kadiri ya 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari ambalo halikuchezewa hujirekebisha kwa kupunguza nguvu. Gari lililoongezwa nguvu kwa kuandikiwa upya kompyuta, kisha likanyweshwa petroli ya kawaida kwa ajili ya kubana matumizi, hugongwa pistoni zake kwa ndani kila siku bila mwenyewe kusikia.

Giaboksi hujaribiwa penye msongamano, na msongamano katika barabara kuu ya Thika hautafutwi kwa taa: nenda jioni upande wa Githurai. Golf GTI nyingi zina giaboksi ya DSG yenye klachi mbili zinazooga ndani ya oili, na oili hiyo hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Golf na Polo nyingi zenye injini ndogo ya lita 1.4 zina DSG ya gia saba yenye klachi kavu, na kujikokota kidogo kidogo kwa saa nzima ni mateso makubwa kwa klachi za namna hiyo, kwa maana kila hatua huzisugua na kuzitia moto. Gari likitetemeka linapoondoka, likisita baina ya gia ya kwanza na ya pili, au likigonga unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, usikubali maneno ya kwamba ni kawaida yake. Gari lenye gia za mkono lijaribu kwa kupanda kilima katika gia ya nne kwa mwendo wa taratibu, kisha ukanyage mafuta: mlio wa injini ukipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha.

Baada ya hapo liondoe gari kwenye lami. Ingia katika njia za ndani za mitaa ya Ruiru, zile za kokoto na matuta yaliyopangwa bila kipimo, uteremshe vioo na kuzima redio. Shokomzoba zilizochoka na bushi zilizokatika hupiga kelele hapo, nazo ndizo huchoka kwanza katika magari haya kwa kuwa springi zake ni ngumu na rimu zake ni pana zenye tairi nyembamba. Gari lililoshushwa chini kwa ajili ya urembo litazamwe tumboni likiwa limeinuliwa: chombo cha oili kilichobonyea, mikwaruzo ya urefu wote na bomba la eksozi lililochomelewa mara tatu ni kumbukumbu ya kila tuta lililovukwa. Tairi zisomwe tarakimu nne za ubavuni, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Na katika Subaru inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, tairi nne ziwe za aina moja na uchakavu ulio karibu sawa, maana tofauti ya mzingo husaga difu ya katikati.

Bodi itazame mchana, gari likiwa kavu. Maji juu ya rangi huficha kasoro, na taa za jioni za yadi hufanya vivyo hivyo. Nafasi baina ya boneti na mabawa ziwe sawa pande zote, na vichwa vya bolti za mabawa visiwe vimekwaruzwa na spana. Katika hachibeki fungua mlango wa nyuma, uinue zulia na gurudumu la akiba. Hapo chini, chuma kilichokunjwa au kulehemiwa upya hueleza kugongwa nyuma, na maji au kutu hueleza mpira wa mlango uliochakaa au jambo kubwa zaidi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi ya Nairobi na vitongoji vyake, na gari lililozama huweza kuoshwa likang'aa huku nyaya zake zikioza kwa siri. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho utazame kama ina mstari wa tope, uguse bolti zilizo chini ya viti, na unuse zulia lililo chini ya miguu ya dereva.

Kuhusu mapambo na nyongeza, shauri langu ni la upande mmoja: gari ambalo halikuguswa ni bora kuliko lililoguswa, na ni halali kulilipia zaidi. Eksozi inayopiga milio kama ya risasi, katalisti iliyoondolewa ikauzwa, mabomba ya rangi chini ya boneti na kipimo cha tabo kilichobandikwa kwenye dashibodi, hivi vyote husifiwa na muuzaji kama mali aliyoiongeza, ilhali kila kimoja ni ushahidi wa namna gari lilivyotumiwa. Nyongeza hizo zisipotajwa kwa kampuni ya bima, zaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia siku ya ajali. Atakaye gari la kufurahisha lisilomfilisi namshauri aitafute Swift Sport ya injini ya lita 1.6 na gia za mkono, iliyotoka tangu 2005: haina tabo, ni nyepesi, na mambo ya kuharibika ndani yake ni machache.

Karatasi hazihitaji maneno mengi, ila zisirukwe. Omba rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya eCitizen kabla ya kutoa hata senti ya amana, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na zilizogongwa kwenye chuma. Kwa kuwa Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya mwaka 2017 iliweka daftari la dhamana hizo, tafuta huko nako. Ujue pia kwamba chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mfanyabiashara wa magari huhesabiwa kuwa ameahidi ubora wa kiasi wa kitu anachokiuza, lakini mnunuzi aliyekikagua hawezi kulalamikia ila ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo mkague pamoja na fundi wako, asiwe wa muuzaji, na kasoro zilizokubaliwa ziandikwe katika mkataba pamoja na bei.

Nayo bei isimalize mfuko. Magari haya yakinunuliwa bila risiti za matengenezo, wiki ya kwanza yanataka mkanda mpya pale unapotumika mkanda, oili ya injini na ya giaboksi, plagi, maji ya breki na pengine tairi nne. Mpe fundi orodha hiyo aipige hesabu kwa bei za vipuri vya kweli, na jumla yake uitoe katika bei unayomtajia muuzaji, ukimwonyesha karatasi yenyewe. Akikubali, fedha zipite benki na uhamisho wa umiliki ukamilishwe na pande zote mbili siku hiyo hiyo, kabla ufunguo haujabadili mkono.